Bodaboda Iliyofanywa Pikipiki ya Tarishi wa 1949: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mtwara

Kisa hiki kinahusu kikundi kidogo cha vijana wa Mtwara Mjini walioamua kutengeneza filamu fupi juu ya tarishi anayebeba barua kati ya kambi ya mashamba ya karanga ya Nachingwea na bandari iliyokuwa ikijengwa Mtwara, mwaka 1949. Tarishi huyo anasafiri kwa pikipiki, naye hana mtu wa kuzungumza naye kwa sehemu kubwa ya hadithi, kwa hiyo pikipiki ndiyo mwenzake na mtazamaji ataitazama karibu kama anavyomtazama yeye. Kikundi hakikupata pikipiki ya miaka hiyo ya kukodi. Walichokipata ni bodaboda ya mkataba, mali ya tajiri mmoja wa mjini, iliyokuwa ikiendeshwa na kijana ambaye kila jioni alipaswa kupeleka hesabu, yaani malipo ya siku kwa tajiri, naye alikuwa amebakiza miezi michache tu ili chombo kiwe chake.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu sharti lililowekwa na dereva huyo, kwamba fremu isikatwe wala isichomelewe popote, lilionekana na kila mtu kuwa ndilo kikwazo kikubwa cha mradi, na baadaye likawa chanzo cha maamuzi yote mazuri yaliyofanyika. Wapo wasomaji watakaosema kwamba mambo haya ni ya ufundi wa gereji na hayahusu sanaa. Mimi naamini kwamba kwa watu wanaotengeneza filamu bila fedha nyingi, gereji ndipo sehemu kubwa ya sanaa inapoamuliwa.

Tarishi na mradi wa karanga

Mradi wa karanga ulianza 1947, wakati Uingereza ilipokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia baada ya vita. Mpango wa awali ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na maeneo matatu yaliyochaguliwa nchini yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, pamoja na reli ambayo ilikuja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mradi wenyewe ulivunjwa 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya serikali ya Uingereza.

Jambo moja katika historia hiyo liliwavutia sana vijana hawa. Matrekta hayakutosha, ndipo baadhi ya vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikabadilishwa na kiwanda cha Vickers kuwa mashine za kusafishia pori, zikaitwa Shervick. Mwongozaji alitaka mashine moja ya namna hiyo ionekane kwenye filamu, iliyotengenezwa kwa maboksi na mbao nyembamba. Walijadiliana kwa muda, kisha wakaliacha wazo hilo, na nadhani walifanya vyema. Badala yake tarishi anasimama na kutazama alama pana za minyororo ya chuma zilizochorwa ardhini kwa reki na ubao, huku ngurumo ikisikika nyuma ya miti. Kitu kikubwa kikitengenezwa vibaya huharibu hata vile vidogo vilivyotengenezwa vizuri kando yake, kwa sababu mtazamaji akishatilia shaka kimoja, huanza kuvikagua vyote.

Pikipiki iliyotakiwa na pikipiki iliyokuwapo

Baada ya kutazama picha nyingi za zamani waliamua kwamba pikipiki ya tarishi ifanane na BSA M20, pikipiki ya Kiingereza yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 496. Uamuzi huo una mantiki. Pikipiki ya aina hiyo ilianza kutengenezwa 1937, zaidi ya 120,000 zilitolewa kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia kama mabaki ya kijeshi. Mradi wa karanga nao ulinunua kwa wingi mitambo iliyobaki vitani. Hadithi inayomweka tarishi wa Nachingwea juu ya pikipiki ya namna hiyo haimlazimishi mtazamaji kukubali jambo lisiloaminika.

Upande wa pili kulikuwa na pikipiki ya Kichina iliyofuata umbo la Honda CG125, aina ambayo kwa miaka mingi ilijaa barabarani kwetu kabla ya aina nyingine kushika soko. Tofauti kati ya pikipiki hizi mbili ni kubwa. M20 ina uzito wa zaidi ya kilo 160, magurudumu yake ni ya inchi 19, haina shokapu za nyuma kabisa, na mbele ina foku, yaani uma unaoshika gurudumu, ya kizamani iliyoundwa kwa fito nne na springi moja kubwa katikati. CG ni nyepesi na nyembamba, ina magurudumu ya inchi 18, shokapu mbili nyuma, na mbele ina shokapu za bomba kama pikipiki nyingi za leo. Hata hivyo zote mbili zina silinda moja iliyosimama karibu wima, magurudumu ya spoki na breki za dramu. Kikundi kingechukua pikipiki yenye rimu za kumiminwa na breki ya diski mbele, kazi ingekuwa ngumu maradufu, na kwa hili wanastahili sifa: walitembelea vijiwe kadhaa kutazama vyombo kabla ya kukubaliana na mtu yeyote.

Kubadilisha pikipiki moja ionekane nyingine ni desturi ya muda mrefu katika utengenezaji wa filamu. Katika filamu ya vita The Great Escape ya 1963, pikipiki inayopaswa kuwa ya jeshi la Ujerumani ni Triumph TR6 ya Uingereza iliyopakwa rangi na kuvishwa vifaa. Waliofanya hivyo walikuwa na fedha, na bado waliona kwamba umbo la jumla, rangi na mahali ilipowekwa vinatosha kwa watazamaji wengi.

Sharti la dereva

Fundi wa kuchomelea, mwenye karakana yake Chikongola, alikuwa wa kwanza kusema kwamba njia ya mkato ni kukata. Akate vishikio vya shokapu za nyuma, achomelee vyuma vigumu mahali pake, arefushe fremu kidogo nyuma, na umbo la kizamani lingepatikana ndani ya muda mfupi. Kiufundi alikuwa sahihi. Dereva akakataa. Alieleza kwamba chombo si chake bado, kwamba namba ya chesisi iko kwenye fremu ile, na kwamba pikipiki iliyokatwa na kuungwa tena haitamrudisha kijiweni akiwa na imani nayo, hasa akiwa amebeba mama na mtoto.

Mwongozaji alichukua muda kulikubali hilo, na katika muda huo alijaribu kumshawishi dereva kwa kuahidi kwamba kila kitu kitarudishwa kama kilivyokuwa. Hapa ndipo ninapotofautiana naye waziwazi. Chuma kilichokatwa na kuchomelewa hakirudi kama kilivyokuwa, kwa sababu joto la kuchomelea hubadilisha sifa za chuma kando ya kiungo, na fremu ya pikipiki hutikiswa kila siku katika mashimo yale yale. Ahadi ya namna hiyo haikuwa katika uwezo wa mwongozaji kuitimiza. Fundi, baada ya kufikiri, akasimama upande wa dereva, na akatoa kanuni ambayo wote waliifuata hadi mwisho: kila kinachoongezwa kifungwe kwa bolti na vibano, pasitobolewe tundu jipya kwenye fremu, na kila kinachoondolewa kiwekwe kwenye boksi moja lenye orodha.

Makubaliano yaliandikwa. Tajiri alitia saini kwa sababu ndiye mwenye kadi ya pikipiki, na dereva alitia saini kwa sababu ndiye anayepoteza siku za kazi. Kikundi kilikubali kulipa hesabu ya kila siku pikipiki itakapokuwa kwao, pamoja na kiasi cha ziada kwa dereva mwenyewe, na chombo kilipigwa picha pande zote kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa. Makundi mengi humlipa mwenye mali peke yake na kumsahau anayekitumia chombo, ilhali katika biashara ya mkataba watu hao wawili wana hasara tofauti.

Upande wa kulia

Kwa kuwa fremu haiguswi, swali lilibadilika. Wakaanza kuulizana ni sehemu zipi za pikipiki kamera itaziona, kwa umbali gani na kwa muda gani, na kutokana na swali hilo mpiga picha akaandaa orodha ya picha zote ambamo pikipiki inaonekana. Orodha ile ilifichua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: karibu picha zote muhimu zingeweza kupigwa kutoka upande mmoja.

Walichagua upande wa kulia, na sababu zao ni nzuri kiasi kwamba nitazieleza kwa kirefu. Katika M20 bomba la moshi hupita kulia, na katika CG vilevile. Kiki ya M20 iko kulia, na ya CG iko kulia. Tarishi akipiga kiki asubuhi mbele ya ofisi ya kambi, mwili wa mwigizaji unafanya tendo lile lile ambalo mtu wa 1949 angelifanya, kwa mguu ule ule, na hakuna haja ya kuficha kitu. Tofauti iko kwenye gia: pikipiki za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na gia ya mguu upande wa kulia, ambapo pikipiki za leo zina breki. Lakini mguu unaokanyaga breki na mguu unaobadilisha gia hufanana vya kutosha kwa mtu anayetazama kwa mbali, na mwigizaji alifundishwa kuukanyaga kidogo wakati wa kuondoka, jambo ambalo mtazamaji anayezijua pikipiki za zamani atalifurahia bila kuambiwa.

Kuamua upande mmoja kuna gharama yake katika usimulizi. Pikipiki inayoonekana upande wake wa kulia huwa inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia kwenye skrini. Tarishi akienda Mtwara kwa mwelekeo huo, mtazamaji atatarajia arudi Nachingwea kwa mwelekeo wa kinyume, na hapo upande wa kushoto, wenye boksi la cheni la plastiki na gia ya kisasa, ungeonekana. Mwongozaji alilitatua hilo kwa kubadilisha hadithi yenyewe. Safari ya kurudi ikawa ya usiku, na pikipiki ikawa taa moja inayokaribia kamera kutoka gizani, kisha kiza na muungurumo unaopita. Ukiitazama filamu bila kujua haya, utadhani usiku ule uliandikwa kwa sababu ya barua aliyoibeba tarishi, maana ni barua yenye habari mbaya. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote, na ilizaliwa na boksi la cheni lisilofaa kuonekana.

Kasoro ni kwamba orodha ya picha ilikuja kazi ikiwa imeanza. Mchongaji aliyepewa kazi ya umbo la tenki alikuwa ameshamaliza pande zote mbili za kalibu lake, na fundi alikuwa ameshakunja vyuma vya kushoto vya foku ya bandia. Kazi hiyo ya kushoto haikuonekana kwenye filamu hata mara moja. Kikundi kinachotumia nguvu za watu wanaolipwa kidogo, au wasiolipwa, kina wajibu wa kuketi na orodha ya picha kabla ya kumwagiza mtu yeyote ashike patasi. Nimesikia utetezi kwamba mwanzoni ni vigumu kujua utapiga picha zipi. Ni kweli, lakini upande wa kamera ni uamuzi unaoweza kufanywa mezani.

Ganda la tenki

Tenki la M20 ni nene mbele na linateremka likichongoka kuelekea kwenye tandiko. Tenki la CG ni dogo na lina mikunjo mikali. Kwa kuwa tenki halisi lilibaki mahali pake likiendelea kulisha injini, kilichohitajika ni ganda jepesi la kulifunika.

Kazi ya umbo alipewa mchongaji wa Kimakonde, na ushiriki wake ulifanya tofauti kubwa. Vinyago vyetu vinavyouzwa mbali vinajulikana kwa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini. Lakini mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani wakati wa ngoma, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji lazima avibebe huku akicheza. Mchongaji alichukua mti mwepesi vivyo hivyo na kuchonga kalibu kwa kufuata picha tatu za tenki la M20 na vipimo vya nafasi iliyokuwapo. Juu ya kalibu, baada ya kupakwa nta ili ganda lisinate, fundi wa boti za faiba alitandaza tabaka za nyuzi na resini, gundi ya maji inayoganda.

Resini ya aina ile huchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2, na katika joto la mchana wa Mtwara asilimia 2 huigandisha kwenye kopo kabla hujamaliza kuipaka. Fundi alitumia kama asilimia 1 na akafanya kazi alfajiri. Alifanya pia mahali pa wazi penye upepo, kwa sababu mvuke wa resini ni mbaya kwa mapafu na unashika moto, na alikataa watoto wasogee. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona vijana wengi wakifanya kazi ya faiba ndani ya chumba kimoja wanacholala.

Ganda lilipokamilika lilikuwa na hatari mbili zilizogunduliwa na dereva, aliyeijua pikipiki yake kuliko wote. Kwanza, lilifunika mfuniko wa mafuta, na mvuke wa petroli ungekusanyika chini yake juu ya injini yenye moto. Walikata tundu pana juu, wakaweka mfuniko wa bandia unaofunguka, na wakaacha nafasi chini kwa hewa kupita. Pili, unene wa mbele ulizuia usukani kugeuka hadi mwisho, kwa maana mikono ya usukani iligonga ganda. Sehemu ya ganda ilikatwa na kusahihishwa kwa pati na msasa, mpaka usukani ukageuka huru pande zote mbili.

Mchongaji alitaka uso wa tenki uwe laini kabisa, kama alivyozoea kazi yake ishikwe na kupapaswa na mnunuzi. Mpiga picha alitaka kinyume chake, kwa sababu rangi ing'aayo huakisi jua na kumuonyesha aliyesimama nyuma ya kamera. Hatimaye walipuliza rangi ya kaki, wakaisugua kwa msasa laini ikiwa imekauka, kisha wakapaka udongo mwekundu uliolowekwa na kufutwa, ukabaki kwenye mikunjo. Mchongaji hakufurahi. Ninaelewa uchungu wake, lakini kwa pikipiki ya tarishi anayesafiri zaidi ya kilomita 150 katika vumbi, mpiga picha alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi.

Vinavyobeba na vinavyotazamwa

Foku ya bandia ndiyo iliyokuwa na uwezekano wa kumuumiza mtu. Fundi alitengeneza fito mbili kila upande kwa bomba jembamba la chuma, na katikati, mbele ya usukani, akaweka springi kubwa iliyotoka kwenye kiti kibovu cha gari. Wazo la kwanza lilikuwa kuzifunga fito hizo juu na chini ili zisitikisike. Kabla pikipiki haijatoka karakanani, dereva aliukandamiza usukani kwa uzito wa mwili wake kama anavyofanya kila asubuhi, na mbele haikuzama hata kidogo. Fito zilizofungwa ncha zote mbili zilikuwa zimeziba kazi ya shokapu, na tuta la kwanza lingemrusha mwendeshaji au kuvunja kibano na kukiingiza kwenye spoki. Suluhisho lilikuwa kuzifunga chini tu, kwenye sehemu ya shokapu inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu, na kuziacha juu ziteleze ndani ya bomba pana zaidi lililofungwa kando ya taa. Jambo lililowafurahisha ni kwamba fito zile zilipoteleza zilionekana zikifanya kazi kama foku halisi ya kizamani.

Tangu siku hiyo kila kifaa kilipangwa katika moja ya mafungu mawili: kinachobeba uzito au kuathiri uendeshaji, na kinachotazamwa tu. Tandiko lenye springi liliingia fungu la kwanza. Tandiko la baiskeli lilijaribiwa, likaonekana dogo na lisiloweza kumbeba mtu kwenye matuta, hivyo fundi alitengeneza jipya kwa bamba la chuma, sponji na ngozi, akalifunga kwenye vishikio vile vile vya siti ya awali. Springi zinazoonekana chini yake ni za kutazamwa tu. Shokapu za nyuma zilifunikwa kwa mifuko miwili ya turubai, nayo haikuhitaji maelezo yoyote katika hadithi, kwani tarishi lazima awe na mahali pa kuweka barua.

Mwendo na sauti

Mwigizaji hakuvaa helmeti ya kisasa, na pikipiki iliondolewa vioo, indiketa na namba yake ya usajili inayoanza na MC. Chombo cha namna hiyo hakipaswi kuwa barabarani, na kikundi hakikujaribu kukiweka. Kilipakiwa kwenye guta la magurudumu matatu hadi kwenye njia ya ndani ya shamba la mikorosho, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na mwendo haukuzidi kilomita 25 kwa saa. Pale ambapo pikipiki ilionekana kwa mbali, aliyeendesha alikuwa dereva mwenyewe akiwa amevaa nguo za tarishi.

Mwendo mdogo ulifanywa uonekane mkubwa kwa kuiweka kamera chini, karibu na vichaka vinavyopita mbele ya lenzi. Kamera ilirekodi picha 25 kwa sekunde, kila picha ikichukua 1/50 ya sekunde. Hesabu yake ni hii: kwa kilomita 25 kwa saa, gurudumu la ukubwa ule huzunguka takriban digrii 26 ndani ya 1/50 ya sekunde, ilhali spoki 36 zimeachana kwa digrii 10. Kwa hiyo spoki zote huyeyuka kuwa ukungu mmoja, na tofauti kati ya gurudumu la inchi 18 na la inchi 19, iliyowasumbua sana, haikuonekana tena. Katika jua letu mpangilio huo huingiza mwanga mwingi kupita kiasi, hivyo walifunga kioo cheusi mbele ya lenzi na kupiga picha asubuhi na jioni.

Sauti ilirekodiwa pembeni. Pikipiki ikiwa imesimama, injini ndogo huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika, na kwa kuwa ni ya mipigo minne, huwaka mara 700. Injini kubwa ya zamani hutulia kwenye karibu nusu ya hapo. Mhariri aliipunguza kasi rekodi kwa nusu, na mlio ukawa mzito na wa polepole, kila pigo likisikika peke yake. Wapo waliopendekeza kurekodi mashine ya kusaga unga. Mimi ningewashauri wasifanye hivyo, kwa sababu dizeli hugonga kwa namna ambayo sikio la mkazi yeyote wa hapa huitambua mara moja.

Msimu na vibali

Kazi ilifanyika kiangazi, kabla ya korosho kuanza kuuzwa, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, fedha hujaa mikononi, abiria huongezeka na hakuna dereva anayeweza kuitoa pikipiki yake kwa fidia ya hesabu ya kawaida. Baada ya hapo huja mvua, na vumbi ambalo filamu ililitegemea hupotea. Kibali kiliombwa Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na afisa utamaduni wa wilaya alijulishwa mapema. Picha za mjini zilipigwa Mikindani, ambako nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zinaweza bado kusimama mbele ya kamera kwa niaba ya 1949, mradi nguzo za umeme zikwepwe.

Pikipiki ilirudishwa kijiweni ikiwa na fremu yake ileile. Vibano viliacha mikwaruzo kwenye rangi ya shokapu za mbele, kwa kuwa mipira ya kukinga haikuwekwa chini ya viwili kati yake, na upigaji picha ulipitiliza muda uliokubaliwa. Kikundi kililipa hesabu ya siku ya ziada, lakini kililipa kwa kuchelewa, na dereva alilazimika kumwomba tajiri amvumilie. Fedha za siku za kupitiliza zingepaswa kuwa zimewekwa kando tangu mwanzo.

Lililobaki bila kuamuliwa ni ganda la tenki pamoja na kalibu lake. Fundi anavihifadhi karakanani, mwongozaji anavihesabu kuwa mali ya kikundi, na mchongaji anasema kalibu ni kazi ya mikono yake, hasa sasa ambapo kundi jingine limeomba kuliazima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za sanaa, uchongaji ukiwamo, lakini kabla ya sheria kuna haki iliyo wazi zaidi: mchongaji hakulipwa bei ya kuuza kalibu, alilipwa siku za kuchonga. Kwa msimamo wangu, kalibu ni lake, ganda ni la kikundi, na kundi linalotaka kutoa ganda la pili juu ya kalibu lile linapaswa kuzungumza naye na kumlipa, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu zote mbili katika orodha ile ile wanayoandikwa mwongozaji na mpiga picha.